Nani Ameshika Mchoro? Kutoka Kofia ya Viua hadi Cherehani cha Kompyuta

Simu ilinijia baada ya sala ya alasiri, kutoka Maretadu. Msomaji wa pwani asiyewahi kulisikia jina hilo asijilaumu. Hata mimi nililisikia kwa mara ya kwanza pale binti wa kaka yangu alipopangiwa kusomesha huko. Ni kata ya Mbulu, mkoani Manyara, jirani na Haydom, katika nyanda za juu ambako asubuhi watu hujitanda mablanketi, na bahari ni habari ya kusimuliwa tu.

“Ami,” aliniambia baada ya shikamoo na kujuliana hali, “kina mama wa kikundi chetu cha ushoni wamekusanya fedha zao, za mahindi na za vitunguu saumu. Wanataka cherehani cha kudarizi, kile kinachoongozwa na kompyuta. Wewe uko mjini, uko karibu na maduka. Tuchagulie kilicho bora.”

Nilimuuliza watadarizi nini. Akanihesabia: nembo za sweta za wanafunzi, majoho ya kwaya, mashuka, vitambaa vya makochi. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba kina mama wawili watatu wanatamani pia kuzitia katika uzi nakshi za sketi za bibi zao.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kutunga na kufasiri, na hata hayo sikufundishwa na mtu bali kwa kusoma usiku vitabu vya kuazima. Lakini nimezaliwa katika nyumba ya sindano. Mama yangu, Mungu amrehemu, alishona kofia hadi macho yalipomwacha mkono. Nilimwomba binti yangu anipe siku saba. Katika siku hizo niliona kwamba swali lenyewe tunaliuliza kinyumenyume. Tunauliza kwanza ni cherehani gani, kisha ndipo tunapohangaika michoro itatoka wapi. Historia ya darizi, yetu na ya walimwengu, inatutaka tuanze na suali jengine: ni nani ameshika mchoro?

Tuanze na maneno, maana maneno nayo yana nasaba zao. Kuna darizi na kuna tarizi, na wasemaji wengi hawazitenganishi. Ya kwanza ina udugu na neno la Kiajemi darz, yaani mshono. Na mpaka leo katika Bara Hindi fundi wa nguo huitwa darzi. Ya pili imetoka katika Kiarabu, ambamo tiraz lilikuwa ni jina la mapambo ya nguo, na baadaye la nguo zenyewe zilizotiwa maandishi kwa amri ya makhalifa. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, aliihesabu tiraz miongoni mwa alama za ufalme. Jina la mtawala lilifumwa au kudariziwa katika pindo la nguo, na karakana za kazi hiyo zilikuwa mikononi mwa dola. Tangu zama hizo basi, sindano ilikuwa ya mfanyakazi na mchoro ulikuwa wa mwenye amri.

Huku kwetu hali ilikuwa ya upole zaidi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuja kujulikana kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 namna mabibi wa majumba ya kifalme walivyopitisha saa za mchana kwa kazi ya sindano, wakidarizi barakoa zao na kanzu za waume na watoto wao kwa hariri. Hapo aliyechora, aliyeshona na aliyevalisha walikuwa watu wa nyumba moja.

Kofia ilikuja na mgawanyo wake wa kazi. Kwanza kitambaa cheupe hukunjwa na kushonwa tabaka. Kisha mchoro hutiwa kwa penseli, halafu hutobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi hadi kiwe kiua. Mama alikuwa hachori. Alipokea kitambaa kilichokwisha chorwa kutoka kwa mwanamke wa mtaa wa pili, akashona majuma kadhaa, kisha kofia ikaenda dukani. Mchoraji alipata chake, mshonaji chake, na mwenye duka akapata zaidi ya wote wawili. Hilo halikuwa siri. Lakini mchoraji alikuwa mtaa wa pili. Mama alipochoshwa na mchoro ule ule alikwenda kumwambia, wakakaa barazani, na wiki ya pili yake mchoro ulikuwa umebadilika. Kwa siku zile sikuliona hilo kuwa ni jambo.

Nilipomsimulia haya binti yangu kwa simu, naye akanisimulia ya huko aliko. Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, husema lugha ya Kikushi, mbali kabisa na Kibantu chetu. Zamani wasichana wao walikuwa wakitengwa katika unyago ulioitwa marmo, na kazi mojawapo iliyofungamana na unyago huo ilikuwa ni sketi ya ngozi iliyopambwa kwa shanga, moja moja, kwa sindano na subira. Marmo ilikoma katika enzi za ukoloni. Sketi hazikukoma, ziliendelea kutengenezwa na kuvaliwa harusini, na baadhi yake leo zimo katika makumbusho ya ng'ambo. Shanga za kioo za biashara ya karne ya 19, zilizotoka Venice na kwengineko, zilipita bandari za pwani yetu kabla ya kupanda bara. Kwa hivyo ile bahari ya kusimuliwa ilikuwa imeshafika milimani zamani, imeshonwa katika ngozi. Na mchoro? Ulikuwa kichwani mwa mshonaji na machoni mwa wazee waliomtazama.

Sasa tuje kwenye cherehani. Jina hili nalo ni la Kiajemi kwa asili, na jamaa yake ni cherehe, gurudumu la kunolea visu. Zote mbili zimetokana na charkh, kitu kizungukacho. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, na Isaac Merritt Singer mwaka 1851. Kabla karne ile haijaisha vyerehani vilikuwa vinasikika katika vichochoro vya Unguja. Wako waliodhani kwamba hapo ndipo mkono ulipouawa. Haikuwa hivyo. Fundi wa kanzu alikuwa akiondoa mguu wa cherehani, akayafunika meno yanayovuta nguo, akakibana kitambaa katika duara la mti na kukisogeza kwa mikono miwili huku sindano ikipanda na kushuka. Cherehani kilimpa mwendo tu. Mchoro ulibaki katika vidole vyake, na mafundi wawili waliotumia cherehani cha aina moja waliweza kutofautishwa kwa kuitazama shingo ya kanzu.

Mashine iliyouchukua mchoro ilizaliwa kwengine. Mwaka 1828, huko Mulhouse nchini Ufaransa, Josué Heilmann aliunda mashine ambayo mfanyakazi aliufuata kwa ncha mchoro mkubwa uliobandikwa ubaoni, na safu nzima ya sindano ikaurudia kwa udogo juu ya kitambaa. Mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi akabuni nyengine iliyoitwa schiffli, neno la Kijerumani cha kwao lenye maana ya kijahazi, kwa sababu kile kinachobeba uzi wa chini kilikuwa na umbo la chombo cha baharini. Mwanawe, Joseph Arnold, akaikamilisha mwaka 1898: akaiongoza mashine kwa kadi zilizotobolewa matundu, kwa maarifa yale yale ambayo Jacquard wa Lyon aliyatumia katika kufuma mwanzoni mwa karne hiyo.

Msomaji aliyewahi kuona kofia ikishonwa na asimame hapa kidogo. Kwetu tundu lilitobolewa katika nguo yenyewe, mbele ya macho ya atakayelishona. Kule lilitobolewa katika kadi, na nguo ikatii. Tangu hapo mchoraji aliweza kukaa mji mmoja, mwendesha mashine mji mwengine, na mvaaji bara nyengine, wala wasijuane.

Mwaka 1964 kampuni ya Tajima ya Japani ilitoa mashine ya kudarizi yenye vichwa vingi, iliyoweza kutoa nguo nyingi za mchoro mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka huo huo, kwa sababu zisizohusiana na uzi, Zanzibar ilipata mapinduzi, na aila nyingi zikahamia Oman katika miaka iliyofuata. Walikwenda na kofia zao vichwani. Kule kofia inaitwa kumma, na Waomani wengi husimulia kwamba ilivuka na watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Baadaye mambo haya mawili ya 1964 yakakutana sokoni: kofia za mashine zikajaa madukani Muscat na Dubai, zikarudi hadi Darajani. Ya mkono ilikula majuma ya mtu; ya mashine ilikula dakika. Mama alizishika mkononi, akazigeuza ndani nje, akasema zimeshonwa vizuri. Kisha akauliza, “Mchoro huu wa nani?” Hapakuwa na wa kumjibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Wilcom ya Sydney, Australia, iliuhamishia mchoro wa darizi katika kompyuta. Mwaka 1990 Janome ya Japani ikatoa Memory Craft 8000, cherehani cha nyumbani chenye uwezo wa kudarizi chenyewe. Kazi iliyokuwa ya karakana ikaingia sebuleni. Tungedhani kwamba mchoro nao umerudi nyumbani. Nilidhani hivyo hivyo, mpaka nilipomnunulia dada yangu kimoja.

Kilikuwa ni cherehani cha mkono wa pili, kutoka Ghuba. Sitamtaja muuzaji wala chapa; kosa lilikuwa langu. Kilikuja na kadi ya nakshi 100. Tulikaa sote, watoto na wazee, tukazipitia: wanasesere wa dubu, maboga yenye macho, miti ya Krismasi, paka, mawaridi, chembe za theluji. Kiua kimoja hakikuwamo. Kadi hiyo haikuweza kuandikwa upya, na programu ya kutengenezea nyengine ilikuwa ikiuzwa mbali kwa bei iliyokaribia ya cherehani chenyewe. Dada yangu alidarizi mawaridi katika foronya za mtaa mzima kwa mwaka mmoja. Kisha akakifunika kwa kanga. Nadhani bado kipo chini ya kanga hiyo.

Ndiyo maana nilimwambia binti yangu: programu kwanza, cherehani baadaye. Na kabla ya programu, tufahamu faili ya darizi ni kitu gani.

Picha si darizi. Picha ya simu ni rangi tu. Cherehani hakijui rangi, kinajua hatua. Faili ya darizi ni orodha ya hatua: sogea hapa, dunga, sogea pale, dunga, kata, simama mtu abadilishe uzi. Kila kabila la vyerehani lina mwandiko wake. DST ni mwandiko wa Tajima, nao huelewa kusimama lakini hauelezi uzi unaofuata ni wa rangi gani. PES ni wa Brother, JEF ni wa Janome, VP3 ni wa Husqvarna Viking na Pfaff. Cherehani kisichojua mwandiko wako ni sawa na msomaji wa Kiarabu uliyempa utenzi wa Kijerumani.

Kisha kuna jambo linalowapotezea watu fedha. Faili ya hatua si mchoro. Ni tafsiri ya mchoro. Ukiikuza sana, mishono hutawanyika na kitambaa kikaonekana katikati. Ukiipunguza sana, hubanana mpaka sindano ikavunjika. Mchoro wenyewe, ule unaoweza kuukuza, kuurekebisha na kuufasiri upya, hukaa katika faili nyengine, iliyo ndani ya programu ya aliyeuchora. Mfasiri analielewa hili bila ya kuelezwa. Ukiwa na matini asilia unaweza kufasiri mara kumi, kila mara vizuri zaidi. Ukiwa na tafsiri peke yake, umefungwa na uamuzi wa mtu usiyemjua.

Programu nyingi huahidi kuigeuza picha kuwa darizi kwa kubonyeza mara moja. Nimeziona kazi zake, zinafanana na mashairi yaliyofasiriwa neno kwa neno: maneno yote yamo, mizani imekwenda. Kwani kitambaa huvutwa na uzi. Duara ulilolichora sawasawa hutoka na umbo la yai, kwa hivyo mchoraji analazimika kulipanua upande mmoja ili litoke duara. Lazima pia atie mishono ya chini ya kushikilia kabla ya ile inayoonekana, na achague mwelekeo wa uzi ili mwanga uuangukie. Hayo hujifunzwa kwa kukosea.

Baada ya siku saba nikampa binti yangu majibu haya, naye akayaandika ubaoni mbele ya kina mama.

Programu iwe Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya Inkscape. Zote mbili ni za bure na ziko wazi, huwekwa katika kompyuta ya kawaida, na huandika PES, JEF, DST, VP3 na miandiko mingine mingi. Tena huonesha katika kioo namna sindano itakavyopita, kwa hivyo mtu anaweza kujifunza miezi mitatu kabla hajanunua cherehani. Ziko za kulipia zilizo nzuri, kama Embird, Hatch ya Wilcom au PE-Design ya Brother, na mwenye uwezo azifikirie. Lakini asianze nazo, na aulize leseni yake inaruhusu kompyuta ngapi.

Cherehani kiwe kinasoma flashi ya kawaida, na mwandiko wake uwe miongoni mwa ile inayojulikana. Kitazamwe pia ukubwa wa fremu inayobana kitambaa, maana huo ndio mpaka wa ndoto zote. Fremu ya sentimita 10 kwa 10 yatosha nembo ya sweta. Lakini utepe wa kofia wenye mzunguko wa sentimita 57 utabanwa mara 6 katika fremu hiyo, na kila kubana ni nafasi ya kukosea. Katika fremu ya 13 kwa 18 utabanwa mara 4. Kwa majoho na mashuka ningechagua hiyo ya pili.

Wahesabu na wakati. Cherehani cha nyumbani kina sindano moja. Nembo ya rangi 5 kwa sweta 40 ni kutia uzi karibu mara 200. Nembo ya mishono 8,000, kwa mwendo wa mishono 400 kwa dakika, ni dakika 20 bila ya kuhesabu kubadili uzi wala kubana. Mzazi anayetaka sweta kesho asubuhi aambiwe ukweli. Sweta ni ya kufumwa na hunyumbuka, kwa hivyo chini yake pawekwe kitambaa kigumu cha kuegemeza, la sivyo nembo hujikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Na umeme. Vyerehani vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120. Wetu ni 230. Isomwe ile bamba ndogo iliyo ubavuni kabla fedha haijatoka mfukoni. Pawe na kifaa cha kutuliza umeme, na muuzaji aulizwe: umeme ukikatika katikati ya nakshi, je, kinakumbuka kilipofika? Si vyote vinavyokumbuka. Sindano, bobini na fremu za akiba zipatikane Arusha au Dar es Salaam, maana cherehani kinachongoja fremu kutoka ng'ambo kitaishia kufunikwa kanga.

Likabaki lile la sketi za mabibi, na hilo sikuwa na haki ya kulijibu. Nilisema neno moja tu. Nakshi iliyotiwa katika faili husafiri kwa simu kwa kufumba na kufumbua, na ikishatoka hairudi. Mama alikuwa na mtaa wa pili wa kwenda kuuliza. Faili haina mtaa. Kwa hivyo wao wenyewe waichore, faili ya asili ibaki katika kikundi, ziuzwe nguo na si faili, na wazee waulizwe nini kiingie sokoni na nini kibaki harusini. Wakiamua kwamba yote yabaki, bado zipo nembo na majoho.

Wiki tatu zikapita kimya. Kisha binti yangu akanipigia. Cherehani hawajanunua. Wametoa sehemu ya fedha wakanunua kompyuta moja iliyotumika, na msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne anajifunza kuchora. Jambo la kwanza alilochora ni safu moja ya shanga kutoka sketi ya bibi yake. Akaionesha katika kioo. Bibi akavaa miwani, akasogea, akatazama kwa muda mrefu.

“Akasema nini?” niliuliza.

“Amesema amekosea, Ami. Rangi ya tatu haikai pale. Amekaa naye mpaka jioni wanairekebisha.”

Nikamwambia wasiwe na haraka ya cherehani.